Laptopu ya zamani imekuwa nzito, nataka kufomati (kufuta) hard diski yote, kazi za shule zitapona?

mwl_hisabati

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu. Nina laptopu Dell Latitude E6400, ile ya Core 2 Duo, RAM 2GB, hard diski 160GB, ndani kuna Windows 7. Najua ni ya zamani ila ndo inayobeba kazi zangu zote, mitihani niliyotunga, matokeo ya wanafunzi kwenye Excel, maazimio ya kazi, na picha za familia ambazo haziko sehemu nyingine yoyote. Sasa tangu muhula huu uanze imekuwa nzito mno, kuwaka tu inachukua muda mrefu, halafu kuna folda ya Kidato cha Tatu nikiifungua inaganda kabisa, mausi haisogei, ile taa ndogo ya diski inawaka moja kwa moja bila kupepesa, ukisubiri dakika kadhaa inaachia yenyewe.

Nikampelekea fundi mmoja mjini akasema dawa ni kufomati na kupiga windo upya, na anafomati zote C na D, yani sehemu mbili za diski, kwa sababu virusi vinajificha D. D ndo yenye kazi zangu! Nikaichukua nikarudi nayo nyumbani kwanza.

Naomba kujua, nikifomati itarudi kuwa nyepesi? Ni lazima D nayo iguswe? Na naweza kufanya mwenyewe? Nina flashi ya 16GB na mwenzangu ataniazima laptopu yake jumamosi. Betri ya hii yangu imekufa, inatumia chaja tu, na umeme huku unakatika katika, kama hapo kuna hatari pia mniambie.

kijana_wa_mtaa

Mkuu hiyo simpo, buti na flashi, yani washa mashine kupitia flashi, ukifika pale kwenye orodha ya patisheni (sehemu za diski) chagua C piga Format, D usiiguse, windo inakaa C na kazi zako zinabaki D kama zilivyo. Hamna haja ya kumlipa fundi.

nyaya_na_bodi

Mwalimu subiri kwanza, usifomati kitu chochote leo. Alichosema kijana hapo juu ni kweli kwa laptopu ambayo diski yake ni nzima, ila ulivyoeleza wewe sioni kama tatizo ni windo. Windo iliyojaa takataka inakuwa nzito kila mahali, haichagui folda. Ya kwako inaganda ukigusa folda ileile, taa ya diski inawaka bila kupepesa, halafu inaachia yenyewe, hiyo ni dalili ya diski inayosoma sehemu mbovu, inajaribu, inashindwa, inajaribu tena, na mashine nzima inaisubiri. Ukifomati diski ya hivyo kabla hujatoa kazi zako unaweza kujikuta huna C wala D.

Fanya hivi. Tafuta kiprogramu kinaitwa CrystalDiskInfo, ni cha bure, kidogo, kinakubali Windows 7. Kifungue, hakikisha umechagua ile diski ya 160, halafu nitajie vitu viwili, kwanza hali ya afya juu kushoto imeandikwa nini na ina rangi gani, pili shuka kwenye jedwali utafute mstari wa 05, wa C5 na wa C6 uniandikie namba za safu ya mwisho kulia. Na niambie diski inagonga? Yani ukiweka sikio unasikia tak, tak, tak? Kama inagonga zima hapohapo usiendelee na chochote.

Halafu kuhusu virusi kujificha D, virusi ni mafaili kama mafaili mengine, yanaskaniwa na kufutwa, haihitaji kufuta kazi za mtu. Mara nyingi watu wanachokiita virusi vya kujificha ni ule ugonjwa wa folda zote kugeuka shortcut, na pale mafaili hayajaenda popote, yamefichwa tu. Unafungua cmd, lile dirisha jeusi la kuandika amri, unaandika `attrib -h -r -s /s /d F:\*.*` ukibadilisha F kwa herufi ya flashi yako na folda zinarudi kuonekana, kisha unafuta zile shortcut na kuskani. Inaniuma nikiona mtu anafomatiwa flashi yenye picha za harusi kwa ajili ya kitu hicho.

mwl_hisabati

Asante sana mkuu, nimefanya. Haigongi, inavuma tu kawaida. Imeandika Caution rangi ya njano. 05 ni 000000000000, C5 ni 000000000018, C6 ni 000000000000. Kwahiyo ni sekta 18 mbovu?

nyaya_na_bodi

Ni 24 mwalimu. Hiyo programu inaonyesha namba kwa heksa, yani kuhesabu kwa kumi na sita, usipoibadilisha, wewe ni wa hisabati utanielewa haraka, 18 ya heksa ni kumi na sita moja jumlisha nane.

Maana yake iko hivi. Diski imegawanywa kwenye vipande vidogo vidogo vinavyoitwa sekta, kwenye diski za umri wa hiyo yako kila sekta inabeba baiti 512. C5 ni sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, ikaziweka kwenye orodha ya kusubiri, haijaamua bado kama zimekufa kweli au ziliandikwa vibaya tu, mfano umeme ulikatika katikati ya kuandika. Uamuzi unafanyika siku zitakapoandikwa upya. Zikikubali kuandikwa na kusomeka zinatoka kwenye orodha, zikikataa diski inazitupa na kuweka sekta za akiba mahali pake, na hapo namba ya 05 ndo inapanda. Kwa sasa 05 yako ni sifuri, kwahiyo kuna matumaini, sio diski ya kutupa moja kwa moja. Ila njano ni njano. Kazi ya kwanza ni bekapu, kufomati kunakuja baadaye.

Na usikimbilie chkdsk ya /r, ile amri ya windo ya kukagua diski, sasa hivi, najua kuna mtu atakuja kukushauri. Ile inapitia diski nzima na kuisumbua, na ikikuta kipande cha faili hakisomeki inaendelea na kurekebisha mpangilio wa diski, faili linaweza kubaki pungufu. Itumie baada ya kutoa kazi zako, sio kabla.

dada_wa_stesheneri

Niongezee hapo kwenye bekapu maana mimi nina stesheneri na hii naiona kila wiki. Mwalimu TUMIA COPY, usitumie cut. Ukicut halafu umeme ukakatika katikati unaanza kutafuta nini kiko huku nini kiko kule. Copy, hakikisha, ndo ufute baadae.

Pili hiyo flashi ya 16GB uliinunua wapi? Kuna flashi feki nyingi sana, zimeandikwa 512GB au hata 1TB zinauzwa bei ya soda, ndani kuna 8GB tu, zinakubali kupokea mafaili yote na majina yanaonekana, ukija kufungua nusu hayafunguki. Kabla ya kuiamini ijaze kwa kiprogramu cha H2testw, kinaandika flashi nzima halafu kinasoma tena na kukuambia uwezo wake wa kweli.

Tatu kama una video ndefu, flashi yenye FAT32 haipokei faili moja linalofika 4GB, itakuambia faili ni kubwa mno hata kama nafasi ipo. Ifomati flashi kwanza kwa exFAT au NTFS ikiwa tupu.

Na ukimaliza kunakili nenda kwenye laptopu ya mwenzako UFUNGUE mafaili, sio kuangalia majina. Fungua Excel za matokeo moja moja, fungua picha. Jina la faili kuonekana halithibitishi kitu.

mwl_hisabati

Dada nashukuru, flashi niliinunua duka la kawaida nitaipima. Tatizo ile folda ya Kidato cha Tatu, nikijaribu kuicopy inafika katikati inaganda halafu inaleta eror na kazi yote inasimama.

nyaya_na_bodi

Usiburute kwa mausi. Copy ya kawaida ya windo ikikwama faili moja inakusimamisha kote. Fungua cmd utumie robocopy, iko ndani ya Windows 7 tayari huhitaji kupakua kitu. Mfano kazi ziko D:\Shule na flashi ni F:

`robocopy D:\Shule F:\Shule /E /R:1 /W:1 /LOG:F:\ripoti.txt`

Hizo R na W usizisahau. R ni idadi ya kurudia faili likigoma na W ni sekunde za kusubiri kati ya majaribio. Usipoziandika robocopy kwa kawaida yake inarudia mara milioni moja na kusubiri sekunde 30 kila mara, kwenye diski inayoumwa utakaa hapo mpaka muhula uishe. Ukiweka 1 na 1 inajaribu tena mara moja, ikigoma inaruka na kuendelea, na mwisho unafungua ripoti.txt unaona ni mafaili gani yamegoma.

Anza na yale usiyoweza kuyatengeneza tena. Picha za familia na matokeo kwanza, mitihani baadae, miziki na muvi mwisho kabisa au uache. Na usisahau C, watu wanasema kazi zangu ziko D halafu desktopu yote iko C:\Users, pamoja na Documents, Downloads na zile picha ulizotoa kwenye simu. Pitia pia pasiwedi ulizohifadhi kwenye brauza, nazo zinaenda na C. Usibebe mafaili ya exe (programu), ya kusetapu utapakua upya, beba dokumenti, picha na video tu, hapo hata kama kuna kirusi umekiacha nyuma.

Mzalendo_IT

Wakuu mimi naona mnamchosha mwalimu bure. Diski yenye njano ni ya kutoa. Achomoe aweke SSD, ile diski isiyozunguka, ya 120GB amalize, kwenye E6400 diski inatoka kwa ubavuni, unafungua skrubu mbili za chini unaivuta inatoka, na SSD yoyote ya SATA ya inchi 2.5 inaingia. Hata kama bodi ni ya zamani utofauti utauona siku ya kwanza, ile diski ya kuzunguka ndo inayoifanya ionekane imekufa.

nyaya_na_bodi

Nakubaliana na wewe mkuu, SSD ndo tiba ya kweli na mwalimu akipata hela asisite. Ila ameuliza kwa alichonacho leo, na bekapu anaihitaji hata akinunua SSD, kwahiyo hakuna hatua hata moja hapo juu iliyopotea.

bahari_shwari254

Asalaam aleikum ndugu zangu, niko Mombasa, naomba niulize hapa hapa maana yafanana. Nina HP ya zamani nataka kuiuza, nimeformati C nikaweka windows upya, mteja aja kesho. Kuna mtu aniambia eti picha zangu bado zaweza kutolewa. Ni kweli ama ni kunitisha tu?

nyaya_na_bodi

Waaleikum salaam ndugu. Ni kweli kabisa, na kwa mtu anayeuza mashine hili ni muhimu kuliko kasi.

Ile fomati ya haraka, na hata lile neno Format unalobonyeza wakati wa kupiga windo ni ya haraka pia, haifuti mafaili. Inachofanya ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu, kurasa nyingine zote zimebaki na maandishi yake, ila diski sasa inahesabu nafasi yote ni tupu. Mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake picha zako zipo, na mtu akiwa na Recuva au PhotoRec, zote za bure, anazitoa. Windows mpya uliyoweka imefunika kiasi tu cha diski.

Fomati kamili ni tofauti. Kuanzia Windows Vista, fomati isiyo ya haraka inaandika sifuri kwenye patisheni nzima. Kwenye XP haikuwa hivyo, ile ya XP ilikuwa inatafuta sekta mbovu tu na data inabaki, ndo maana ushauri wa zamani kwenye mtandao unawachanganya watu. Ukishaandika sifuri diski nzima mara moja hakuna Recuva wala nani atakayerudisha kitu. Habari za kufuta mara 35 zimetokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996 iliyohusu teknolojia za diski za enzi hizo, kwa diski za sasa mara moja inatosha, usikeshe.

Ila kama HP yako ina SSD usiandike masifuri, SSD inahamisha hamisha data ndani kwa ndani na huwezi kuwa na uhakika umefika kila mahali, tena unaichosha bure. SSD ina amri yake ya kujifuta, utaipata kwenye programu ya mtengenezaji wa SSD au kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya kuwashia mashine) ya baadhi ya mashine.

bahari_shwari254

Shukran sana ndugu, ni diski ya kuzunguka. Ntamwambia mteja aje kesho kutwa.

mwl_hisabati

Wakuu nimerudi. Robocopy imefanya kazi, ripoti inaonyesha mafaili matatu tu yamegoma, yote ni skani za mtihani wa kanda na nakala za karatasi ninazo. Nimefungua kila kitu kwenye laptopu ya mwenzangu, picha zote zipo, matokeo yote yapo. Nimeweka na nakala ya pili kwa mwenzangu. Sijui niwashukuru vipi. Sasa naomba hatua za kufomati yenyewe, na lile swali langu la umeme.

nyaya_na_bodi

Hongera sana mwalimu, sehemu ngumu imeisha. Sasa kwa sababu tunataka diski iamue kuhusu zile sekta 24, usitumie Format ya kwenye orodha ya windo, ile inamaliza kwa sekunde chache haigusi sekta hata moja kati ya zile. Tunataka iandikwe yote.

Andaa flashi ya kubuti kwenye laptopu ya mwenzako kwa Rufus, programu ya kutengeneza flashi za kubuti, ila sio flashi yenye bekapu! Azima nyingine, Rufus inafuta flashi yote. Kama laptopu ya mwenzako nayo ni Windows 7 chukua Rufus 3.22, kuanzia 4 haikubali Windows 7. Kwenye Rufus chagua MBR na BIOS, mashine yako ni ya BIOS ya kizamani, ukichagua GPT haitabuti. MBR na GPT ni namna mbili za kupanga patisheni, na MBR mwisho wake ni diski ya kama 2TB, wewe una 160 huna wasiwasi.

Washa Dell ukibonyeza F12, itakuletea orodha ya kubuti, chagua USB. Ila kabla ya hapo ingia F2 mara moja uangalie SATA Operation, namna mashine inavyowasiliana na diski, iwe AHCI, irekebishe SASA kabla ya kupiga windo, maana ukibadilisha baadae windo inaleta skrini ya bluu ya 7B na utadhani diski imekufa. Angalia na tarehe, kama imerudi miaka ya nyuma betri ndogo ya CMOS inayotunza saa imeisha, ni CR2032, ni rahisi kuipata.

Ikifika ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha bonyeza Shift na F10 kwa pamoja, inafunguka skrini nyeusi. Chomoa flashi ya bekapu kama iko karibu, nasema tena, CHOMOA. Andika

`diskpart`
`list disk`

Itakuonyesha diski zote. Usitafute C wala D hapa, herufi zinabadilika ukibuti kwa flashi, iliyokuwa D inaweza kuitwa C, watu wengi wamefuta kisichotakiwa kwa kuamini herufi. Amini ukubwa. Diski ya 160 itaonekana 149GB kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu na windo inahesabu kwa 1024, na flashi ya 16 itaonekana kama 14 hivi. Kama ile ya 149 ni Disk 0 andika

`select disk 0`
`clean all`

Clean peke yake inafuta jedwali la patisheni tu, neno all ndo linaloandika sifuri mwanzo mpaka mwisho. Haionyeshi asilimia, haionyeshi chochote, kale kamstari kanapepesa tu, kwa diski hiyo tegemea saa nzima na zaidi. Usidhani imeganda ukazima. Ikimaliza itakuambia imefanikiwa, andika exit, exit, endelea na kupiga windo kama kawaida, pale kwenye orodha utaona nafasi tupu moja tu, gawanya upya unavyotaka C na D. Windo itajitengea kapatisheni kake kadogo ka mwanzoni, kaache, ndo kanakobeba vitu vya kubuti.

Kuhusu umeme, ukikatika wakati wa clean all hakuna madhara makubwa, unawasha unaanza upya, data ulishatoa. Ukikatika wakati wa kupiga windo nako unaanza upya. Hatari ilikuwa kwenye bekapu na umeshaivuka. Ila kama kuna mtu ana betri nzima ya E6400 azima hiyo siku moja, utulie.

mwl_hisabati

Nimekuelewa mkuu. Swali la mwisho kabla sijaanza, nirudishe Windows 7 au niweke 10? Kuna kijana ananiambia Linux.

dada_wa_stesheneri

Mwalimu 7 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Januari 2020, na Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, tovuti nyingi zitaanza kukukatalia kidogo kidogo. 10 nayo huduma ya kawaida iliisha 14 Oktoba 2025, na kwa RAM 2GB itakutesa. 11 hiyo mashine haikubali kihalali, inataka RAM 4GB na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mimi stesheneri kompyuta mbili za zamani nimeweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaokaa mahali pa Windows, RAM 2GB ndo kiwango chake cha chini, ukiweka vipande viwili vya 2GB DDR2 badala ya RAM iliyopo ikawa 4 inakuwa na raha. LibreOffice inakuja nayo bure, inafungua Excel na Word, hakuna kraki ya kuvunja leseni ya kutafuta, na zile aktiveta za mtandaoni nyingi ndo zinaleta virusi.

Mzalendo_IT

Ila dada umwambie ukweli wote, kama faili la matokeo lina makro (amri za kujiendesha ndani ya faili) haliwezi kufanya kazi vilevile kwenye LibreOffice, na mpangilio wa mitihani ya Word yenye alama za hesabu unaweza kusogea. Mwalimu kabla ya kufuta chochote buti Mint kutoka kwenye flashi bila kuiinstoli, inafanya kazi hivyohivyo, ufungue faili lako la matokeo na mtihani mmoja uone. Ukiridhika endelea, usiporidhika rudi 7 uitumie kwa kazi za nje ya mtandao. Ukirudi 7 pakua dirava (programu za kuendesha vifaa) za mtandao kabla, ingiza ile Service Tag ya herufi na namba saba iliyo chini ya laptopu kwenye tovuti ya Dell, maana windo ikiwa mpya bila dirava ya Wi-Fi hutaweza hata kwenda kuzitafuta.

mwl_hisabati

Wakuu mrejesho. Nilijaribu Mint kwenye flashi, faili la matokeo limefunguka na fomula zote zinapiga hesabu sawa, mtihani mmoja alama za vipeo zilisogea kidogo nimezirekebisha. Nimefanya clean all jumamosi, umeme ulikatika mara moja nikaanza upya kama mlivyosema, ikamaliza. Nimeweka Mint. Inawaka vizuri, haigandi tena. Nimeangalia afya ya diski kwa ile programu ya Disks iliyomo humo, sekta za kusubiri zimekuwa 0, ila ile ya 05 ambayo ilikuwa 0 sasa inasoma 8. Hii ni mbaya?

nyaya_na_bodi

Ni jibu tulilokuwa tunalitafuta. Kati ya zile 24, 16 zilikuwa zimeandikwa vibaya tu na sasa zimepona, 8 zilikuwa zimekufa kweli na diski imeweka za akiba mahali pake. Disks inaonyesha kwa namba za kawaida, sio heksa, kwahiyo 8 ni 8.

Sasa iangalie tena baada ya wiki mbili, halafu kila mwezi. Ikikaa kwenye 8 unaweza kuendelea kuitumia kwa kazi za kawaida, ila matokeo yasikae humo peke yake hata siku moja, kila ukijaza alama nakili kwenye flashi. Ikipanda, hata ikiwa 9, usisubiri, tafuta ile SSD aliyosema Mzalendo, na ukiipata niandikie hapa nikuelekeze namna ya kuhamisha Mint yako nzima kwenda huko bila kuanza upya.